Trela ya sekunde 90 kwa simu mbili: mwongozo kamili kwa kundi la wanafunzi

Kundi la wanafunzi likija kwangu na mradi wa trela, yaani kionjo cha filamu, mara nyingi mpango wao ni ule ule. Hadithi ndefu imeshaandikwa, nafasi za kuigiza zimegawanywa, simu ya mjomba imeazimwa, na sasa watarekodi filamu nzima kisha "wachague vipande vikali". Wiki ya pili simu imejaa, mwigizaji mkuu amesafiri, na mkononi wana dakika 40 za watu wanaozungumza wamejipanga mstari mmoja kama wako paredi.

Filamu ya mradi huu haipo, na hakuna anayewadai filamu. Mnachodaiwa ni sekunde 90. Kila shoti, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, ipigwe kwa sababu ina nafasi yake ndani ya sekunde hizo. Isiyo na nafasi isipigwe. Ili hilo liwezekane, kazi tunaigeuza kichwa chini miguu juu: tunaanza na swali, tunaingia kwenye sauti, tunaandika karatasi, na kamera inakuja mwishoni. Nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo ili tusiongee maneno ya hewani.

Neno lenyewe linachekesha kidogo. Trela la lori huvutwa nyuma, na trela za sinema zilipoanza nazo zilikuwa zikionyeshwa nyuma, filamu kuu ikishakwisha. Inayotajwa sana kuwa ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1913 na Nils Granlund, aliyekuwa akizitangaza kumbi za maonyesho za Marcus Loew huko New York. Shida ni kwamba filamu ikiisha watu huinuka, kwa hiyo trela zikahamia mbele, jina likabaki nyuma. Urefu nao umekuwa ukigombaniwa: mwaka 2014 chama cha wenye kumbi za sinema Marekani kilitoa mwongozo kwamba trela isizidi dakika 2. Kwa mwanafunzi mwenye simu mbili, dakika 2 ni nyingi. Sekunde 90 zinatosha, na 75 si dhambi.

Swali kwanza

Muhtasari wa hadithi humshibisha mtu. Trela inatakiwa imwache na njaa, na njaa hiyo hutokana na swali moja tu.

Mfano wetu unatoka shule ya bweni. Filamu, ambayo haipo, inaitwa Kengele ya Saa Nane. Neema ni kiranja wa kengele. Kengele yenyewe ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe na kugongwa kwa kipande cha nondo, ambacho yeye hulala nacho. Usiku mmoja, saa nane, kengele inalia. Neema anapeleka mkono chini ya mto: nondo ipo palepale. Nani anagonga?

Nimeichagua makusudi. Sare ya shule ndiyo maleba, wanafunzi wenyewe ndio umati, na kifaa kikuu ni chuma chakavu. Hadithi ya polisi na majambazi mwachieni mwenye bajeti. Bastola ya plastiki inayopeperushwa mtaani inaweza kuwaletea balaa la kweli.

Andikeni swali lenu kwa maneno yasiyozidi matano. Likigoma kuingia kwenye maneno matano, hadithi bado haijaiva. Kisha geuzeni karatasi na upande wa pili muandike makatazo, yaani vitu ambavyo trela haitavionyesha hata kwa nusu sekunde. Kwetu ni kimoja: anayegonga haonekani, hata kivuli chake. Orodha hiyo itawasaidia baadaye, kwa sababu kila kundi hufika mahali mhariri anasema "lakini ile shoti ilitoka vizuri sana jamani".

Sauti kabla ya picha

Picha mbovu mtazamaji huivumilia, hata huweza kudhani ni mtindo. Sauti mbovu humfanya ashike simu yake. Tena trela ina bahati moja ambayo filamu ndefu haina: inaweza kujengwa yote juu ya sauti, picha zikaja kujaza matundu. Ndiyo maana siku ya kwanza ya kazi hatugusi kamera.

Chukueni simu moja muende na rimu mahali tulivu. Waambieni watu kwanza. Mwaka mmoja tuligonga rimu saa tisa alasiri bila taarifa, madarasa yote yakamwagika nje na mabegi mgongoni, na mwalimu wa zamu hakucheka. Siku hizi naazima rimu kwa fundi wa gereji na kuitundika kwenye mti ulio mbali.

Gongeni mara moja, acheni mlio ufe wenyewe kabisa, ndipo mgonge tena. Rekodini mkiwa hatua 1 kutoka kwenye rimu, kisha hatua 10, kisha hatua 50, na mara moja simu ikiwa ndani ya chumba kilichofungwa. Hizo ni sauti nne tofauti, na ile ya ndani ya chumba ndiyo Neema atakayoisikia kitandani. Angalieni jambo hili: simu hujipandishia na kujishushia usikivu yenyewe. Ikikaa kimya muda mrefu hutega masikio, pigo la kwanza likija linapasuka. Sogeeni mbali, gongeni kwa nguvu ndogo. Mlio mdogo unaweza kuongezwa kwenye uhariri, uliopasuka haurudi.

Upepo ni adui mwingine. Soksi safi ya pamba ikivishwa upande wa chini wa simu, penye tundu la maiki, hupunguza ule mvumo. Kabla hamjaondoka mahali popote, rekodini sekunde 30 za "ukimya" wa hapo: chenene, vyura, jenereta la mbali. Mkija kuunganisha vipande viwili vya mazungumzo, ukimya huo ndio utakaoziba pengo. Ukimya wa kompyuta ni shimo tupu, na sikio hulitambua mara moja.

Maneno yanayosemwa yawe machache. Sisi tuna sentensi tatu kwa trela nzima. Neema, mwanzoni: "Shule nzima inaamka kwa mkono wangu." Mlinzi, katikati: "Binti, ile rimu tumeishusha tangu juzi." Neema tena, mwishoni kabisa, kwa kunong'ona: "Yalikuwa mapigo nane. Leo ni tisa." Ya kwanza na ya tatu hazihitaji mdomo kuonekana, kwa hiyo zirekodiwe ndani, kwenye chumba chenye magodoro na nguo nyingi, maana vitu laini hunywa mwangwi. Simu ikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili herufi kama "p" na "b" zisiipulize maiki.

Muziki je? Wimbo wa Bongo Fleva unaovuma una wenyewe, na kuuweka kwenye trela bila ruhusa ni kuvunja haki zao, hata kama mradi ni wa darasa na mtaupandisha YouTube tu. Mambo ya hakimiliki yako chini ya ofisi za serikali: COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya. Maktaba ya sauti ya YouTube ina muziki wa bure, mradi msome masharti ya kila kipande. Mimi napenda njia nyingine. Uchukueni mlio wa rimu muufungue kwenye Audacity, ambayo ni programu ya bure ya kuhariri sauti, kisha mpunguze mwendo wake hadi robo bila kulinda kimo cha sauti. Mlio wa sekunde 5 unakuwa wa sekunde 20, mzito, kama lori linalonguruma chini ya ardhi. Huo hapo muziki wenu, na hauna mwenyewe mwingine.

Karatasi ya sauti na picha

Sasa chukueni kaunta buku, mchore mstari katikati ya ukurasa: kushoto kinachosikika, kulia kinachoonekana. Jazeni kushoto kwanza. Ya kwetu ikisomwa kwa maneno inakwenda hivi.

Sekunde 0 hadi 12: mapigo ya kawaida ya alfajiri, ndala zikikimbia, ndoo zikigongana. Picha ni mkono wenye nondo, rimu ikitikisika, mlango wa bweni, foleni ya bombani, uso wa Neema. Sentensi yake ya kwanza inaingia juu ya rimu, kabla hatujamwona. Shoti 5.

Sekunde 12 hadi 30: chenene, pumzi za watu waliolala. Pigo moja kutoka nje. Macho yanafunguka. Pigo la pili. Mkono chini ya mto, vidole vinagusa chuma. Pigo la tatu. Shoti 6, ndefu, bila haraka.

Sekunde 30 hadi 32: skrini nyeusi, kimya. Msiziogope sekunde hizo mbili.

Sekunde 32 hadi 50: mchana, sauti za kawaida. Mlinzi anasema sentensi yake bila kumtazama Neema. Tunaona tawi la mwembe lenye waya mtupu. Ule mngurumo unaanza kwa mbali. Shoti 6.

Sekunde 50 hadi 74: kengele inagonga na picha inabadilika kwenye kila pigo, pigo na pigo zikizidi kukaribiana. Miguu peku mbioni, tochi, ukurasa wa rejista wenye jina lililofutwa, mikono yenye udongo, komeo linalofungwa kwa ndani. Shoti 14, ya kwanza inakaa sekunde 3, za mwisho hazifiki sekunde 1.

Sekunde 74 hadi 80: kila kitu kinakatika. Neema ameweka sikio ardhini. Shoti 1, haitikisiki. Kisha jina la filamu, sekunde 5. Halafu uso wake gizani, amefumba macho, anahesabu, na sentensi ya tatu. Shoti 1 tena.

Jumla ni shoti 33. Kila shoti ikirudiwa mara 3 kwa wastani wa sekunde 15, mtatoka na dakika 25 hivi za picha. Video ya ubora wa 1080p kwenye simu huchukua takriban MB 60 hadi 130 kwa dakika, kutegemea namna simu inavyoibana, kwa hiyo andaeni GB 4 zilizo wazi na mtulie.

Kabla ya kupiga picha hata moja, tengenezeni trela ya sauti tupu. Pangeni mapigo, mngurumo na sentensi tatu kwenye programu ya kuhariria, sekunde 90 kamili. Zimeni taa, wasikilizisheni wenzenu ambao hawajui hadithi. Wakiuliza "sasa nani alikuwa anagonga?", mna trela. Wakiuliza "hiyo ni nini?", rekebisheni sasa hivi, kabla betri hazijaanza kuliwa.

Ruhusa, na mambo yanayosahaulika

Ndani ya uzio wa shule anzeni na mwalimu na barua ya mkuu wa shule. Mkitoka nje, stendi, sokoni, ufukweni, mambo yanabadilika. Tanzania ina Bodi ya Filamu na sheria ya filamu ya mwaka 1976. Kenya leseni za kurekodi filamu zina ofisi yake, na wanafunzi wa Kenya wanaolenga Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu wasome kanuni za mwaka husika kabla ya kuandika neno. Vivuko, vituo vya polisi, kambi na madaraja makubwa msivipige picha kienyeji. Droni zina vibali vyake. Kwa trela ya shoti 33 wala hamhitaji.

Mwigizaji aliye chini ya miaka 18 mzazi wake atoe idhini ya maandishi, ikitaja kwamba trela inaweza kuwekwa mtandaoni. Nembo ya shule kwenye sweta ifichwe kwa beji bandia au sweta igeuzwe. Na bweni la wasichana haliingiwi na mpiga picha wa kiume. Hamishieni kitanda kimoja stoo, mtundike neti na sanduku la chuma. Ukuta ni ukuta.

Mipangilio ya simu

Programu ya kamera iliyokuja na simu hujiamulia mambo mengi mno. Kwenye Android, Open Camera ni ya bure na inawapa usukani. Blackmagic Camera nayo ni ya bure, ilianza kwenye iPhone mwaka 2023, ikaja kwenye baadhi ya simu za Android mwaka 2024.

Wekeni 1080p. Picha ya 4K inajaza simu na kuchemsha kompyuta ya kuhariria, na kwenye projekta ya ukumbi wa shule hakuna atakayeiona tofauti. Idadi ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, iwe 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50. Sababu ipo ukutani: umeme wetu Tanzania, Kenya na nchi jirani ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na shata isiyoendana na namba hizo huleta mistari inayopanda na kushuka kwenye picha. Watu wengi hudhani simu imeharibika. Simu yenu ikikataa fremu 25, chukueni 30 na shata ya 1/100. Mistari itaondoka vilevile. Muhimu ni simu zote mbili ziwe sawa. Nje juani, shata ya 1/50 itaunguza picha kwa weupe, kwa hiyo huko iacheni ipande.

Halafu fungeni vitatu: fokasi (mahali picha inapokuwa kali), mwangaza na mizani ya weupe (namna simu inavyosawazisha rangi). Kwenye programu nyingi mnabonyeza skrini na kushikilia hadi alama ya kufuli itokee. Bila hivyo, mtu akipita mwenye shati jeupe picha nzima inafifia, na uso wa Neema unageuka kutoka manjano kuwa bluu katikati ya sentensi.

Mengine ni madogo lakini huua kazi. Futeni lenzi kwa kitambaa kisafi kila shoti. Tumieni kamera ya nyuma. Msivute picha kwa vidole, sogeeni kwa miguu. Simu iwe kwenye hali ya ndege, la sivyo shangazi atapiga katikati ya shoti ya sikio ardhini. Stendi ya simu mkiikosa, mfuko wa mchele wa kilo 2 juu ya kiti hushika simu vizuri kuliko mkono wa mtu aliyekunywa soda mbili.

Mwanga wa huku kwetu

Miongozo mingi ya kigeni husifia mwanga wa dhahabu wa jioni kana kwamba unakaa saa nzima. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, halichelewi. Mwanga mzuri wa jioni upo kuanzia saa kumi na moja na nusu hivi, na jua likishazama mnabaki na dakika kama 20 za utusitusi kabla giza halijafunga. Saa sita mchana jua liko utosini, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Muda huo mle, au mrekodi ndani.

Dakika hizo 20 ndizo "usiku" wetu. Simu gizani kabisa hutoa chengachenga, lakini utusitusi ukirekodiwa na mwangaza ukashushwa makusudi, mizani ya weupe ikavutwa kuelekea bluu, mtazamaji anaona usiku wa manane. Mwembe wenye waya mtupu na miguu inayokimbia tulivipiga hivyo. Hesabuni shoti 4 au 5 kwa jioni moja, si zaidi, na mazoezi yote yafanyike kabla jua halijazama. Kama zipo 12, hizo ni jioni tatu.

Kwa chumba cha Neema, zibeni madirisha kwa mablanketi, washeni tochi moja na kuielekeza kwenye ukuta mweupe au shuka jeupe nyuma ya kamera, kamwe si usoni. Mwanga unaorudi kutoka kwenye shuka ni laini na unafanana na mbalamwezi. Kwa shoti za mchana, foili ya jikoni iliyokunjwakunjwa na kubandikwa kwenye boksi hurudisha jua upande wa uso wenye kivuli. Wasichana wa kundi moja walitumia ungo uliovikwa foili, na kusema kweli ulikuwa bora kuliko wangu.

Siku ya kurekodi

Watu sita wanatosha nyuma ya kamera, na nafasi ninayoiona kuwa nzito kuliko zote ni ya yule anayeshika kaunta buku. Anaandika namba ya shoti, mara ya ngapi, ipi ilikuwa nzuri, na nini kilikuwa wapi: nondo mkono wa kulia, kitambaa kimefungwa kushoto. Mpeni mtu asiyependa kelele. Makundi humpa nafasi hii aliyekosa nafasi nyingine, halafu siku ya kuhariri hakuna ajuaye klipu ipi ni ipi.

Kila shoti inaanza kurekodiwa sekunde 3 kabla ya tendo na kuisha sekunde 3 baada yake. Wapiga picha wachanga hubonyeza kuzima mara tu mwigizaji anapomaliza kusema, na mhariri anabaki hana pa kukatia. Shoti ya mlinzi, ambayo ina maneno, irekodiwe kwa simu mbili: moja ya picha, ya pili ndani ya mfuko wa shati lake ikichukua sauti. Mtu apige kofi moja mbele ya kamera mwanzoni. Mlio wa kofi na viganja vinapokutana ndivyo vitakavyolinganisha sauti na picha. Fanyeni hivyo kwa vipande vifupi, maana simu nyingi hazishiki fremu zake kwa kasi moja, na kwenye klipu ndefu mdomo na maneno huanza kuachana. Ikishatokea, programu ya bure ya HandBrake inaweza kuitengeneza upya klipu kwa kasi isiyobadilika.

Mkiwa na watu wawili wanaozungumza, chagueni upande mmoja na kamera isivuke mstari unaowaunganisha. Mkivuka, Neema na mlinzi wataonekana wote wanatazama kulia kama abiria wa daladala. Pigeni karibu kuliko mnavyodhani inafaa. Trela huliwa na macho haraka, na uso au mkono unasomeka kwa sekunde 1. Uwanja mzima wa shule unahitaji 3.

Kuhamisha klipu

Hapa ndipo kazi nzuri hufia. Video ikitumwa kama video ya kawaida kwenye WhatsApp hubanwa na kupoteza ubora. Itumeni kama dokumenti, au bora zaidi tumieni waya wa USB au memori kadi. Fungueni folda tatu, picha, sauti na muziki, na majina yawe na namba ya karatasi: 07_mto_mara2. Nakala mbili, sehemu mbili tofauti, siku hiyohiyo kabla ya kulala. Msifute kitu kwenye simu hadi trela ionyeshwe.

Mezani kwa mhariri

CapCut kwenye simu inatosha kwa trela hii. Baadhi ya vitu vyake ni vya kulipia, na huongeza kipande chenye nembo yake mwishoni ambacho mnaweza kukifuta. KineMaster ya bure huacha alama kwenye picha. Mwenye kompyuta yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 16 atumie DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la bure lina kila mnachohitaji. Mwenye kompyuta dhaifu asijitese.

Ile trela ya sauti tupu mliyoitengeneza ndiyo uti wa mgongo. Iwekeni chini, kisha dondosheni picha juu yake kwa kufuata karatasi. Mkato wa kwanza utakuwa mbaya, ni kawaida. Kwenye mapigo ya kengele, jaribuni kukata picha fremu 2 kabla ya mlio badala ya palepale. Jicho linachelewa kidogo, na mkato unaonekana kugonga kwa pamoja. Mahali pengine acheni sauti itangulie picha: mngurumo uanze mlinzi bado anaongea, na chenene wasikike kabla ya giza kuonekana. Vitu hivyo viwili vina faida kuliko vile vibwagizo vya picha kuzunguka na kuwaka moto ambavyo programu huwarushia. Msivitumie. Mkato mkavu na weusi vinatosha.

Maandishi yawe machache na makubwa. Maneno ya Kiswahili ni marefu, "wanachokitafuta" peke yake hula nusu ya skrini, kwa hiyo kila kadi isizidi maneno matano na ikae muda wa kusomwa mara mbili polepole. Rangi msizikoroge: linganisheni shoti zifanane, usiku uende bluu kidogo, ngozi za watu zibaki ngozi za watu. Vichujio vingi vilivyo tayari hupausha ngozi nyeusi au kuipa ujivu.

Sauti za watu zifike kati ya desibeli -12 na -6 kwenye kipimo, kengele kubwa zisipite -3, na hakuna kinachogusa 0. Sikilizeni kwa hedifoni, kisha kwa spika ya simu, kisha kwa spika ya ukumbi. Mngurumo mzito mtamu kwenye hedifoni unaweza usisikike kabisa kwenye simu. Ukipotea, ongezeni juu yake mlio uleule uliopunguzwa mwendo hadi nusu tu.

Mkimaliza, tafuteni watu watatu wasiojua chochote. Waonyesheni mara moja, msieleze, muwaulize wanataka kujua nini. Mmoja akiwasimulia mwisho wa hadithi, kuna shoti imetoboa siri, na karatasi ya makatazo itawaambia ni ipi. Angalieni wapi walitazama pembeni. Hapo pana sekunde 2 za kukata.

Faili la mwisho na ukumbi

Toeni faili la MP4 lililobanwa kwa mfumo wa H.264, 1920 kwa 1080, fremu zilezile mlizorekodia, kasi ya megabiti 10 kwa sekunde. Sekunde 90 zitakuwa MB 110 hivi. Toleo la wima kwa ajili ya simu litengenezwe upya kwa kusogeza kila shoti, maana kukata katikati tu kutamwacha mlinzi nusu sikio.

Kisha nendeni ukumbini siku moja kabla, na flashi mbili, na waya wa sauti wenu wenyewe. Projekta kwenye ukumbi wenye mapazia mepesi hula weusi wote: mwembe, mto, nondo, vyote vinageuka kijivu kimoja. Tengenezeni nakala ya pili yenye shoti za usiku zilizoinuliwa mwangaza, muipe jina UKUMBI, muijaribu saa ileile ambayo maonyesho yatafanyika, mmoja wenu akiwa amekaa safu ya mwisho karibu na mlango. Akiziona nondo na vidole, imepita. Asipoviona, inueni tena.